Shajara ya mradi: pampu ya upepo inayoendeshwa na skripti moja

Jumamosi

Mnara umesimama. Una urefu wa mita 9 na miguu minne, na juu yake kimekaa kichwa cha mashine: sanduku la gia, gurudumu la mapanga 18, mkia, krenki (mkono mfupi unaozunguka) na konrodi (kiungo kati ya krenki na fimbo ya pampu). Kutoka kwenye konrodi inashuka fimbo ndefu ya pampu, inapita katikati ya mnara hadi kwenye bomba, na pembeni ya bomba kuna birika la maji. Yote yamo ndani ya Second Life, dunia ya 3D ya mtandaoni ambayo watumiaji hujijengea wenyewe, yameungwa kuwa kitu kimoja, na kwa sasa hakuna kinachotikisika.

Mashine za namna hii zilianza kusambaa Marekani baada ya mwaka 1854, pale Daniel Halladay alipobuni kinu cha upepo kinachojigeuza chenyewe na kujipunguzia mwendo upepo unapozidi. Nimezipenda kwa sababu kila kinachotembea kinaonekana. Hakuna cha kuficha, na kwa hiyo hakuna cha kudanganya: konrodi ikiachana na krenki hata kwa sentimita 3, mtu aliyesimama chini ataiona.

Ninachotaka ni hiki. Gurudumu lizunguke. Fimbo ipande na kushuka kwa hesabu ya kweli. Kichwa kizima kijigeuze kufuata upepo wa eneo lile, maana Second Life ina upepo wake na skripti inaweza kuusoma. Hilo la tatu ndilo linalonipa wasiwasi.

Nimeamua mapema kwamba skripti itakuwa moja tu, nayo itakaa kwenye mzizi, yaani kipande kikuu ambacho vingine vyote vimeungwa kwake. Wajenzi wengi huweka skripti ndani ya kila kipande kinachotembea, kisha wanazifanya zizungumze kwa llMessageLinked. Kwa taa na milango hiyo ni njia nzuri tu. Ila hapa kuna vipande vitatu vinavyotakiwa kukutana kwenye pini moja kila sehemu ya kumi ya sekunde, na kila skripti hupata zamu yake pale seva inapoamua. Zaidi ya hapo, foleni ya matukio ya skripti hubeba matukio 64 tu. Yanayozidi hutupwa kimyakimya, bila ujumbe wa kosa. Skripti moja ikishika hesabu yote, hakuna wa kusubiriwa.

Jumapili

Leo ni namba za watoto. Kwenye seti iliyoungwa, mzizi ni namba 1 na watoto wanaanzia 2. Primu, yaani kipande cha msingi cha kujengea, iliyochaguliwa mwisho kabla ya kuunga ndiyo inayokuwa mzizi. Avata (mwili wa mtumiaji ndani ya dunia hiyo) akikaa juu ya kitu, naye anaingia kwenye hesabu na kupewa namba baada ya primu zote. Ukivunja seti na kuiunga upya, namba zinahama.

Kwa hiyo namba zisizobadilika hazifai kuandikwa ndani ya skripti. Nimeipa kila primu jina, na skripti inazitafuta yenyewe:

```
tafuta()
{
    integer n = llGetNumberOfPrims();
    while (n > 0)
    {
        string jina = llGetLinkName(n);
        if (jina == "krenki") nKrenki = n;
        else if (jina == "konrodi") nKonrodi = n;
        else if (jina == "fimbo") nFimbo = n;
        else if (jina == "gurudumu") nGurudumu = n;
        else if (jina == "mkia") nMkia = n;
        else if (jina == "gia") nGia = n;
        else if (jina == "maji") nMaji = n;
        --n;
    }
}
```

Inaitwa skripti inapoanza, na tena kila tukio la changed linapoleta CHANGED_LINK, yaani uungaji umebadilika. Basi, tusonge.

Jumatatu

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na nitapaeleza kwa kirefu.

Mtu aliyezoea programu za kuchora katuni za 3D anategemea ukoo: mnara unamzaa kichwa, kichwa kinamzaa krenki, krenki inamzaa konrodi. Ukigeuza kichwa, wote walio chini yake wanafuata. Kwenye seti iliyoungwa ya Second Life hakuna ukoo wa namna hiyo. Kuna mzizi, na kuna watoto, na watoto wote ni ndugu wa tumbo moja. Wajukuu hawapo. Krenki haijui kwamba imefungwa kwenye kichwa. Inachokijua ni umbali wake na mwelekeo wake ukilinganishwa na mzizi.

Njia rahisi ya kukwepa tatizo ni kufanya kichwa kiwe mzizi. Ukigeuza mzizi, watoto wote wanageuka nao. Lakini mnara nao ni mtoto, kwa hiyo mnara mzima ungezunguka na birika lake kila upepo unapobadilika. Njia nyingine ni kuutenga mnara uwe kitu cha peke yake. Hiyo ingefanya kazi, mpaka mwenye kiwanja aamue kusogeza mashine na kusahau nusu. Nataka kitu kimoja kinachochukulika mara moja.

Kwa hiyo mzizi ni mnara, na ukoo nitaushika mwenyewe ndani ya skripti. Kanuni ni fupi. Kila kipande cha kichwani kina mahali pake na mwelekeo wake kana kwamba kichwa kimetazama upande wa sifuri. Kisha vyote viwili vinapitishwa kwenye mzunguko wa kichwa kabla ya kuandikwa:

```
mahali = KITOVU + umbali * kichwa;
mwelekeo = mwelekeoWaNdani * kichwa;
```

KITOVU ni sehemu ambapo mhimili wa krenki unakatana na mhimili wa wima ambao kichwa kinageukia. Nilichora mashine hivyo makusudi: nukta moja inatumika kwa mambo mawili, na fimbo ya pampu inabaki palepale katikati hata kichwa kikitazama wapi.

Mpangilio wa kuzidisha mizunguko unahitaji jicho. Ndani ya LSL, lugha ya skripti za Second Life, mzunguko wa kushoto ndio unaofanyika kwanza. Vitabu vingi vya hisabati huandika kinyume chake, na mtu akinakili hesabu kutoka huko, vipande vitakaa sawa kichwa kikiwa sifuri na kuanza kupotoka kichwa kikigeuka. Nilijaribu mipangilio yote miwili makusudi nikiwa na mwenzangu anayechonga maumbo. Kwa mpangilio wa kinyume, konrodi ilikuwa imenyooka vizuri kichwa kikitazama upande mmoja, na kichwa kilipogeuka nyuzi 90 ikaanza kuinamia upande usiokuwa wake.

"Kaka, hiyo konrodi imelewa," akasema.

Namna hiyo ya kulewa inafaa kukumbukwa. Kipande kinachokaa vizuri upande mmoja na kuharibika ukigeuza kitu kizima karibu kila mara kina tatizo la mpangilio wa kuzidisha.

Na kwa watoto natumia PRIM_POS_LOCAL na PRIM_ROT_LOCAL peke yake. Hizi zinasema waziwazi kwamba kipimo kinatoka kwenye mzizi, kwa hiyo mnara ukihamishwa au ukigeuzwa na mwenye kiwanja, skripti haina cha kurekebisha.

Jumatano

Krenki na konrodi. Watu wengi wakitaka kitu kipande na kushuka huandika llSin na kuridhika. Kwa boya linaloelea inatosha. Kwa konrodi haitoshi, kwa sababu konrodi ikiinama inapoteza urefu wa wima, na mwendo wa fimbo unaacha kuwa mawimbi safi.

Vipimo vyangu: krenki ina nusu kipenyo cha mita 0.25 (R) na konrodi ina urefu wa mita 1 (L). Krenki ikiwa juu kabisa, ncha ya chini ya konrodi iko mita 0.75 chini ya mhimili. Ikiwa chini kabisa, iko mita 1.25. Katikati ya hizo ni 1. Sasa, krenki ikiwa imelala nyuzi 90, ungetegemea ncha iwe mita 1 kamili. Haiko hapo. Iko mita 0.968, yaani sentimita 3 na kidogo juu zaidi. Ukiendesha fimbo kwa llSin tupu huku konrodi ukiipima kwa haki, hizo sentimita 3 ndizo utakazoziona kama mwanya unaofunguka na kufunga mara mbili kila mzunguko.

Hesabu yenyewe haina ukubwa. Mhimili wa krenki umelala kwenye X, kwa hiyo kila kitu kinatokea kwenye Y na Z:

```
float s = R * llSin(pembe);
float c = R * llCos(pembe);
float zp = c - llSqrt(L * L - s * s);

llSetLinkPrimitiveParamsFast(nKrenki, [
    PRIM_ROT_LOCAL, llEuler2Rot(<pembe, 0.0, 0.0>) * kichwa,
  PRIM_LINK_TARGET, nKonrodi,
    PRIM_POS_LOCAL, KITOVU + <0.0, -s / 2.0, (c + zp) / 2.0> * kichwa,
    PRIM_ROT_LOCAL, llEuler2Rot(<llAsin(s / L), 0.0, 0.0>) * kichwa,
  PRIM_LINK_TARGET, nFimbo,
    PRIM_POS_LOCAL, KITOVU + <0.0, 0.0, zp - NUSU>
]);
```

Pini ya krenki iko kwenye -s na c. Ncha ya chini ya konrodi iko kwenye sifuri na zp. Katikati ya hizo mbili ndipo primu ya konrodi inapokaa, kwa sababu primu hupimwa kutoka kitovu chake na si kutoka nchani. Kuinama kwake ni llAsin ya s gawa kwa L, na kwa vipimo hivi hakuzidi nyuzi 14.5. Fimbo ina urefu wa mita 7, kwa hiyo NUSU ni 3.5.

Amri yote ni moja. PRIM_LINK_TARGET inaniruhusu kuruka kutoka primu hadi primu ndani ya orodha ileile. Neno Fast mwishoni mwa jina la amri si pambo: llSetLinkPrimitiveParams ya kawaida inailaza skripti kwa sekunde 0.2 kila inapoitwa, na mimi taima yangu inapiga kila sekunde 0.1.

Imetembea. Nimekaa nikiitazama kwa muda ambao siwezi kuutetea.

Alhamisi

Saa. Pembe ya krenki nimeijenga hivi:

```
pembe += kasi * llGetAndResetTime();
if (pembe > TWO_PI) pembe -= TWO_PI;
```

Kwa nini nisiseme tu pembe = kasi * llGetTime()? Sababu ya kwanza, kasi itabadilika na upepo, na kasi ikibadilika, ile hesabu ya moja kwa moja itairusha krenki hadi mahali pengine papo hapo. Sababu ya pili ni ya ndani zaidi. Namba za desimali za LSL zina biti 32. Kadiri namba inavyokua, ndivyo inavyopoteza sehemu zake ndogo. Skripti ikiishi sekunde 86,400, yaani siku nzima, hatua ndogo kabisa ambayo namba hiyo inaweza kuonyesha ni karibu sekunde 0.008. Bado hakuna anayeona. Ikifika sekunde 1,048,576, ambazo ni siku 12 na saa chache, hatua hiyo inakuwa sekunde 0.125. Taima yangu inapiga kila 0.1. Hapo mashine ingeanza kushtukashtuka yenyewe bila mtu kugusa kodi, na kila akiiwasha upya inapona. Tatizo la aina hiyo mtu anaweza kulitafuta mwezi mzima.

Kwa kuisafisha saa kila fremu, yaani kila pigo la taima, namba inabaki ndogo daima. Na seva ikikwama kidogo na taima ikachelewa, krenki inaruka hatua kubwa zaidi lakini inabaki kwenye mwendo wake. Haihesabu mapigo, inahesabu muda.

Jumamosi

Gurudumu. Ndani ya sanduku kuna gia: mizunguko 3 ya gurudumu kwa mzunguko 1 wa krenki. Kwa upepo wa wastani nimeipa krenki mizunguko 12 kwa dakika, kwa hiyo gurudumu linapata 36.

Nikiliendesha gurudumu kwa taima ileile, nyuzi 216 kwa sekunde zinakuwa nyuzi 21.6 kila fremu. Mapanga ni 18, yameachana kwa nyuzi 20. Fanya hesabu: kila fremu, kila panga linapita mahali pa jirani yake kwa nyuzi 1.6. Macho hayawezi kujua kwamba panga hili si lile. Yanachoona ni gurudumu zito linalojikokota polepole, huku krenki chini yake ikienda kwa kasi. Nimelijaribu ili nilione, na kweli, linaudhi.

Kwa hiyo gurudumu linaachwa kwa mtazamaji. PRIM_OMEGA, kama llTargetOmega, haiisogezi primu kwenye seva kabisa. Seva inapeleka habari tu: mhimili huu, kasi hii, radiani 3.77 kwa sekunde. Programu ya kila mtazamaji inalizungusha gurudumu yenyewe kwa ulaini wote wa kompyuta yake, na mtandao haubebi chochote tena. Gharama yake ni kwamba watu wawili waliosimama pamoja hawaoni panga lilelile juu kwa wakati mmoja, na skripti haina njia ya kuuliza gurudumu liko pembe gani kwa sasa.

Swali basi likawa: jicho linalinganisha nini na nini? Krenki na konrodi zinagusana, kwa hiyo jicho linazilinganisha bila kukusudia. Hizo lazima zitoke kwenye hesabu moja. Gurudumu na krenki zimetenganishwa na sanduku la gia lililofungwa. Hakuna binadamu anayeweza kusimama chini ya mnara na kusema gurudumu liko nyuzi 40 nyuma ya mahali linapotakiwa kuwa. Mradi kasi zao zina uwiano wa 3 kwa 1, udanganyifu umekamilika. Nilipoanza nilisema mashine hii haina cha kudanganya. Ina kimoja, na kimo ndani ya sanduku.

Jumapili

Upepo. Amri yenyewe ni llWind, nayo inaleta vekta ya upepo mahali kitu kilipo:

```
vector upepo = llWind(ZERO_VECTOR) / llGetRootRotation();
lengo = llAtan2(upepo.y, upepo.x);
```

Kugawa vekta kwa mzunguko ni kuurudisha nyuma mzunguko huo. Upepo huja kwa dira ya eneo, na mimi naandika watoto kwa dira ya mzizi, kwa hiyo lazima utafsiriwe kwanza. Mkia nimeuchora kuelekea X, na mkia huelekea kule upepo unakokwenda, kwa hiyo pembe hiyo inatumika ilivyo.

Upepo wa eneo haukai kimya. Ukiufuata kila sekunde, kichwa kitatingishika kama mtu anayekataa. Naupima kila baada ya sekunde 20, na kichwa hakitoki mahali pake mpaka tofauti izidi nyuzi 15. Kisha kinageuka nyuzi 2 kila fremu kupitia njia fupi. Hiyo njia fupi inataka mstari wake: tofauti ikizidi PI, toa TWO_PI, ikipungua chini ya -PI, ongeza. Bila hivyo kichwa kitazunguka nyuzi 350 kufika mahali palipo nyuzi 10 upande wa pili.

Kisha gurudumu likaleta mgogoro mpya. Kichwa kikigeuka, inanilazimu kuandika mahali na mwelekeo wa gurudumu kila fremu. Lakini kila ninapoandika mwelekeo mpya, mzunguko ule wa mtazamaji unaanza upya kutoka pembe ambayo seva imeiandika. Matokeo: wakati wote wa kugeuka, gurudumu linatetemeka palepale. Nikizima PRIM_OMEGA na kuliendesha kwa taima, narudi kwenye ile nyuzi 21.6 na mapanga yanayojikokota.

Jibu limetoka kwenye mashine ya kweli. Gurudumu lisilotazama upepo sawasawa linapoteza nguvu. Kwa hiyo kichwa kikianza kugeuka, nashusha kasi ya mashine yote hadi theluthi moja. Gurudumu sasa linakwenda nyuzi 72 kwa sekunde, yaani 7.2 kila fremu, ambazo ni chini ya nusu ya nafasi kati ya panga na panga. Jicho linaliona likizunguka kwa haki. Kichwa kikitulia, PRIM_OMEGA inawashwa tena na kasi inapanda. Wakati wa kukabidhiana panakuwa na mruko mdogo, na kwa kuwa mapanga yote yanafanana, mruko huo hauonekani kuwa zaidi ya nyuzi 10 hata ukiwa mbaya kabisa. Mwenzangu alipoiona alidhani nimeongeza uzito wa gurudumu makusudi. Sikumrekebisha.

Jumanne

Mlango wa chini ya mnara. Primu hugeuka kwenye kitovu chake, mlango hugeuka kwenye bawaba. Kwa hiyo: mahali papya ni bawaba, jumlisha mahali pa mwanzo toa bawaba, zidisha kwa mzunguko. Mahali pa mwanzo panahifadhiwa mlango ukiwa umefungwa na hapaguswi tena. Ukihesabu kila mara kutoka mahali ulipo sasa, makosa madogo ya desimali yanajikusanya na mlango unahama polepole kutoka kwenye fremu yake. Imekwisha.

Ijumaa

Maji. Mkondo unaotoka kwenye bomba ni primu nyembamba yenye picha ya maji inayosogea kwa llSetLinkTextureAnim, ikiwa na SMOOTH na LOOP. Hiyo nayo ni kazi ya mtazamaji: inawekwa mara moja na inaendelea.

Ila pampu ya aina hii hutoa maji fimbo ikipanda, na ikishuka inapumzika. Mkondo usiokatika ungekuwa uongo unaoonekana, kwa sababu fimbo iko palepale pembeni yake. Bahati nzuri hesabu ilishafanyika bila kuombwa. Fimbo inapanda wakati s ni hasi:

```
integer inapanda = (s < 0.0);
if (inapanda != ilikuwaInapanda)
{
    ilikuwaInapanda = inapanda;
    llSetLinkPrimitiveParamsFast(nMaji, [
        PRIM_COLOR, ALL_SIDES, <1.0, 1.0, 1.0>, 0.6 * inapanda ]);
}
```

Ule mstari wa if ni muhimu kuliko unavyoonekana. Bila huo, seva ingekuwa inaandika uwazi wa maji mara 10 kwa sekunde. Kwa huo, inaandika mara mbili kila mzunguko wa krenki.

Na kwa kuwa nimegusa gharama: mashine isiyotazamwa haina haja ya kutembea. Kwenye kipimo cha upepo nimeongeza llGetAgentList ya eneo. Orodha ikiwa tupu, taima inashushwa hadi pigo moja kila sekunde 5. Mtu akiingia, inarudi 0.1. Skripti ina taima moja tu, kwa hiyo ni mwendo wa taima hiyohiyo unaobadilishwa. Pembe haipotei, ingawa mstari wa kuitoa TWO_PI mara moja hautoshi tena upepo ukiwa mkali, kwa sababu muda kati ya pigo na pigo ni mrefu. Nimeugeuza kuwa while.

Jumapili

Mwenzangu ameuliza swali la haki: kwa nini tusiifanye meshi (umbo lililochongwa kwenye programu ya 3D) yenye mifupa? Tangu mwaka 2018 Second Life inaruhusu kitu kisicho avata kuwa na mifupa na kuchezeshwa kwa llStartObjectAnimation. Mifupa ina ukoo kamili, wajukuu hadi vitukuu, na mwendo wake huchezeshwa upande wa mtazamaji, laini kuliko mapigo yangu 10 kwa sekunde.

Nimelifikiria kwa uzito. Kinachonizuia ni kwamba mwendo wa mifupa hurekodiwa kabla na kupakiwa kama faili. Skripti inaweza kuuanzisha na kuusimamisha, lakini haiwezi kuuambia ugeuke nyuzi 37 kwa sababu upepo umegeuka nyuzi 37. Kwa mashine inayorudia jambo lilelile milele, mifupa ndiyo njia. Kwa mashine inayosikiliza upepo, acha nishike ukoo mwenyewe.

Kuna pia llSetKeyframedMotion, ambayo ni laini sana, lakini inausogeza mzizi na seti yote kwa pamoja. Kwa lifti au mashua ningeanza nayo. Kwa konrodi haina msaada.

Jumatano

Kilichobaki ni kujikunja. Upepo ukizidi, mkia wa mashine halisi hujikunja kwenye bawaba yake na gurudumu huelekea pembeni likapumzika. Mkia umefungwa kwenye kichwa kwa bawaba, na kichwa kimefungwa kwenye mnara, kwa hiyo mzunguko mmoja zaidi unaingia mbele ya foleni:

```
rotation mkunjo = llEuler2Rot(<0.0, 0.0, pembeMkia>);
PRIM_POS_LOCAL, KITOVU + (BAWABA + nusuMkia * mkunjo) * kichwa,
PRIM_ROT_LOCAL, mkunjo * kichwa
```

Kusoma ni kutoka kushoto: mkia ujikunje kwanza, usogee hadi kwenye bawaba, kisha kichwa kiuchukue popote kinapokwenda. Kichwa chenyewe kinapewa lengo jipya, pembe ya upepo kutoa pembeMkia, ili mkia uliojikunja uendelee kuelekea upepo unakokwenda na gurudumu liende pembeni.

Nimeijaribu kwa kuibandikia skripti upepo wa uongo, maana huwezi kuuamuru upepo wa eneo uvume. Kwa nguvu ndogo mkia umenyooka. Nguvu ikipita kikomo, pembeMkia inapanda taratibu hadi nyuzi 80, kichwa kinageuka, gurudumu linapungua, fimbo inasimama ilipo. Kikomo nimekiweka kwenye maelezo ya primu ya mzizi, llGetObjectDesc inayasoma, ili mwenye kiwanja abadilishe bila kufungua kodi. Kwa kushuka nimeweka kikomo cha pili kilicho chini kidogo ya kile cha kwanza, la sivyo mkia ungekuwa unafunguka na kujikunja kila upepo unapocheza karibu na mstari.

Breki ya mkono bado. Mwenzangu amechonga wenzo wake tayari, uko chini ya mnara karibu na mlango. Nasubiri anitumie umbo lenye kitovu upande wa bawaba ili nisiandike ile hesabu ya mlango mara ya pili.